Tui Lisilokatika

Kama jiko lako liko karibu na redio, punguza moto kidogo unisikilize, maana leo nina ugomvi na kopo.

Wiki mbili zilizopita binti wa kaka yangu, aliyeolewa Muscat, alinitumia ujumbe wa sauti. "Shangazi, shikamoo. Leo nimepika mchuzi wa changu wa nazi, kama ule wa bibi. Nimetia tui, nimefunika, nimekwenda kumwogesha mtoto, nimerudi nimeukuta umetulia, haukukatika hata kidogo. Lakini shangazi, mbona haufanani na wa Tanga?"

Nikamwitikia marahaba, nikamwuliza tui kalitoa wapi. La kopo. Nikacheka, nikamwambia basi jibu umeshalipata. Simu ilipokatika nikaona nimemjibu kivivu. Ndani ya kopo mna nazi vilevile. Imekunwa, imekamuliwa, ila kazi hiyo imefanywa na mashine huko ng'ambo. Samaki alikuwa changu, ndimu ilikuwa ndimu, na mkono ni wa mtoto aliyekulia jikoni kwetu. Sasa kwenye sufuria ile kilipungua nini?

Jibu alilitaja mwenyewe bila kujua. Aliondoka, akaenda kuogesha mtoto, na mchuzi haukukatika.

Tui, msikilizaji, ni matone ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, na kinachoyazuia yasijitenge ni protini ya nazi yenyewe. Moto ukizidi, protini ile huganda kama ute wa yai, mafuta yakapanda juu, chini yakabaki maji yenye chengachenga. Hapo ndipo tunaposema tui limekatika, na mpishi anatamani mgeni asifunue kawa. Ukitia ndimu au ukwaju mapema linakatika upesi zaidi. Wenye viwanda wanalijua hilo, ndiyo maana makopo mengi hutiwa gundi ya unga wa mbegu inayoyashikilia mafuta hata yachemke saa nzima. Soma ubavuni mwa kopo, imeandikwa kwa herufi za sisimizi.

Kwa hiyo mwenye kopo anaweza kufunika na kwenda zake. Mwenye tui la kukamua hathubutu. Atasimama pale, upawa mkononi, na kwa kuwa kasimama ataonja. Akionja atajua chumvi haijakolea, atamgeuza samaki kabla hajavunjika, ataipasua pilipili mbichi au ataiacha nzima kwa kuwa babu analalamika na tumbo. Mchuzi unapikwa na dakika zile kumi za kuogopa. Kopo limemwondolea binti yangu woga, na uangalizi nao ukaenda pamoja na woga.

Nitawarudisha Ngamiani, Tanga, uani kwa bibi yangu, mama yake baba. Baada ya swala ya alasiri ua mzima ulikuwa na mlio mmoja: krwaa, krwaa, krwaa. Ilikuwa mbuzi. Kwa vijana ambao mbuzi wanayemjua ni wa supu tu, nazungumzia kile kibao cha kukalia, chenye ulimi wa chuma uliochongoka meno. Unakikalia, chini ya ulimi unaweka sinia, unashika kizio cha nazi kwa mikono miwili na kukizungusha. Bibi alikuwa amekaa kando anachambua mchele, wala hatazami. Anasikiliza. Nyama nyeupe ya nazi ina mlio laini, wenye maji. Ukikaribia ganda la kahawia mlio unakauka. "Basi! Umefika kwenye kifuu, weka kingine." Hajainua macho. Na alikuwa na sababu: lile ganda la kahawia likiingia, tui linakuwa la kijivu na lina ukakasi kwa mbali. Siku hizi sokoni, Tanga, Mombasa na Dar es Salaam, iko mashine ya kukuna nazi. Inakuna nazi nzima katika muda wa kuhesabu chenji. Sina neno nayo, mgongo wangu unaishukuru, ila mashine haisikilizi. Inakuna mpaka mwisho.

Nazi nayo ina umri wake, na lugha yetu imeuhesabu hatua kwa hatua: kidaka, kitale, dafu, koroma, kisha nazi. Koroma ukilikuna unapata maji meupe yasiyo na nguvu. Nazi iliyokaa hata ikaota ina joya ndani, watoto tunaligombania, lakini tui lake halifai. Bibi aliitikisa nazi sikioni kama mtu anayepokea simu, akasikiliza maji yanavyocheza. Na kila nazi aliivunja juu ya bakuli lake peke yake, akaionja kabla ya kuichanganya na wenzake. Ile methali ya nazi mbovu harabu ya nzima, ambayo shuleni tulifundishwa kuwa ni habari ya marafiki wabaya, kwake ilikuwa amri ya jikoni na hakuna zaidi.

Kisha kukamua. Maji ya uvuguvugu, machache. Tui la kwanza, ambalo wazee wetu wakiliita kasimile, linawekwa pembeni kwenye bakuli, likafunikwa. La pili na la tatu ndilo linaloanza chunguni pamoja na kitunguu, nyanya, na samaki aliyekwisha kukaangwa au kuchomwa. Nyanya iive kabisa, uchachu wake utulie. Kasimile haliingii mpaka mwisho, moto ukiwa umepunguzwa, na tangu hapo upawa haulali: unachota na kumwaga, unachota na kumwaga, mpaka povu la kwanza liinuke ukingoni. Unaepua. Ndimu inakamuliwa chungu kikiwa chini. Huo upawa wenyewe ulikuwa kifuu cha nazi kilichotiwa mpini, na kuni za kuwashia zilikuwa makumbi. Machicha walipewa kuku.

Sasa msije mkadhani tui halitakiwi kukatika popote. Kwenye wali wa nazi kanuni inageuka. Pale unaliacha lichemke kwa makusudi, mafuta yajitenge na kuivika kila punje, na maji yakishakauka unafunika na kupalia makaa juu ya mfuniko, wali uive kwa joto la juu na la chini. Chini unabaki ukoko, ambao katika nyumba yetu uligawanywa kwa haki kuliko urithi wowote niliowahi kuushuhudia. Samaki wa kupaka naye tui lake linapikwa mpaka liwe zito, ndipo apakwe akiwa juu ya makaa, ageuzwe, apakwe tena. Mpishi wa Pwani anatakiwa ajue lini alizuie tui lisikatike na lini aliache likatike. Mwenye kopo swali hilo halimfikii kabisa.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu kila tunapozungumzia urithi wa chakula cha Pwani, watu wanakimbilia viungo. Matangazo ya utalii yanasema Visiwa vya Marashi ya Karafuu, mgeni anapelekwa shamba, ananusishwa mdalasini na iliki, halafu anaambiwa hiyo ndiyo siri ya chakula chetu. Karafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi, na ilipandwa iuzwe nje. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoing'oa mikarafuu ya Unguja, zao likahamia zaidi Pemba, na bado lilikuwa zao la kupanda meli. Sufuria ya nyumbani inachukua punje nne tano za karafuu, tena siku ya pilau.

Na pilau yenyewe, samahani nitakaowaudhi, tunaisifu kupita kiasi. Pilau na biriani ni vyakula vya shughuli. Kwenye harusi hupikwa na wapishi wa kukodi, mara nyingi wanaume, kwenye masufuria ambayo mtoto anaweza kuoga ndani. Ni ufundi, siubezi. Lakini ufundi huo una wenyewe wanaolipwa, na wanarithishana kama mafundi seremala. Pilau haitapotea hata tukilala. Kinachoning'iniza moyo ni kile kinachopikwa Jumanne isiyo na sherehe: kisamvu cha nazi, mchuzi wa papa mkavu, mbaazi, muhogo, mseto wa choroko, vibibi vya asubuhi. Hivyo havina fundi wa kukodi. Vina mama mmoja anayekumbuka, na binti aliyeko masomoni Dodoma.

Kuna wanaosema tupike "cha asili" tu, tuache vya watu. Hao nawaomba waanze na hicho kisamvu. Muhogo ulitoka Amerika, ukaja na Wareno baada ya Vasco da Gama kupita pwani hii mwaka 1498. Pilipili kichaa na nyanya vilevile ni vya Amerika. Mnazi nao ni msafiri: utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba minazi ya pwani yetu, Komoro na Madagaska imechanganya damu ya koo mbili, moja ya Bahari ya Hindi na nyingine ya Pasifiki, jambo ambalo watafiti wanalihusisha na mabaharia waliovuka kutoka Asia ya Kusini Mashariki. Ila mnazi umekaa siku nyingi zaidi. Al-Masudi, aliyeandika habari za pwani hii katika karne ya 10, ameitaja nazi pamoja na ndizi na mtama. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 akaona chakula cha watu wengi ni ndizi na samaki, na nafaka inaletwa kisiwani kutoka bara. Ukimwalika leo kwenye futari ya Mombasa ataitambua ndizi. Muhogo uliolala kando yake ndani ya tui hilo hilo atauliza ni kitu gani.

Kinachokifanya chakula kiwe chetu ni kule kupikwa na kurudiwa mpaka tukaanza kugombana namna ya kukipika. Tazama boko boko. Ngano na nyama vinachemshwa kwa saa nyingi, vinapondwa kwa mwiko hadi vinavutika, vinamiminiwa samli na vitunguu vya kukaanga, wengine huongeza sukari. Waarabu wanaiita harisi. Mwaka 2023 UNESCO iliiingiza harisi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika kwa maombi ya Falme za Kiarabu, Oman na Saudi Arabia. Nilipoisikia habari hiyo nilifurahi, kisha nikanuna kidogo, kwa sababu boko boko la Unguja siku ya Idi halikutajwa na mtu. Baadaye nikajiuliza, lingetajwa ningepata nini? Kenya ilitambuliwa na shirika hilo hilo mwaka 2021 kwa kazi yake ya kuorodhesha na kuendeleza vyakula vya kienyeji, na ni kazi nzuri. Lakini orodha itakuambia boko boko lina ngano na nyama. Haitakuambia mwiko unakuwa mzito kiasi gani ndipo uache.

Na njia ya baharini ina kwenda na kurudi. Binti yangu ananiambia huko Muscat mandazi yanauzwa waziwazi, wala muuzaji hadhani anauza kitu cha kigeni. Familia nyingi za Oman ziliishi Unguja na Pemba, na waliorudi baada ya mwaka 1970 hawakurudi na masanduku matupu. Walirudi na Kiswahili, na namna ya kuumua unga.

Nirudi kwa wapishi wa nyumbani, maana wao ndio wanaojaribu. Nimo katika kundi la simu la akina mama, wa Tanga, Unguja na Mombasa, na wawili wako Uingereza. Mjadala wa siasa umepigwa marufuku humo, lakini mwezi uliopita nusura tufarakane kwa ajili ya mkate wa kumimina. Mmoja amesaga mchele kwa brenda na tui la unga, akatia na kijiko cha baking poda pamoja na hamira. Picha nzuri, mkate umejaa matundu. Mkubwa wetu wa Unguja akaandika neno moja tu: "Keki." Tukanyamaza siku nzima.

Mimi mwenyewe nimejaribu, nisijifanye mtakatifu. Mbaazi kwa tui la kopo zinakubali, kwa sababu mbaazi ni nzito na zina ladha yake, na ukiziweka kando ya mahamri asubuhi hakuna atakayekuuliza swali. Tambi za sukari pia zinakubali. Wali kwa tui la kopo unapikika, lakini mafuta hayajitengi sawasawa, punje zinakaa kama zimelowa, na ukoko wake unanata. Vibibi kwa tui la unga usijaribu, utalia. Jiko la gesi linatosha kwa mchuzi, tena ni rahisi kulipunguza kuliko makaa. Tatizo ni wali wa kupalia: gesi haina kaa la kuweka juu. Mwenzetu mmoja wa Mombasa anafunika kwa karatasi ya foili kisha anaingiza sufuria ndani ya oveni kwa robo saa, anasema ukoko unakuja. Nimeujaribu. Unakuja, mwembamba, lakini unakuja. Huo ndio ujaribuji ninaoupenda, wa mtu anayejua anachokitafuta na kubadilisha njia ya kukifikia. Yule wa keki alibadilisha njia kabla hajajua anakwenda wapi.

Vipimo navyo ni kisa. Wenzetu wa mitandaoni wanasema vikombe viwili na nusu, mililita mia nne. Bibi alikuwa na kibaba, na vibaba vinne vikafanya pishi moja, na kwake kibaba cha mchele kilikwenda na nazi moja iliyokomaa. Leo pishi tunaikumbuka mwisho wa Ramadhani tu, tunapotoa fitri ya kila kichwa. Kikombe sikikatai. Lakini nazi hazilingani, ya masika si ya kiangazi, na kikombe hakiwezi kujua nazi ya leo ina mafuta kiasi gani. Kidole kinajua: ukichovya kwenye kasimile na kukiinua, likishikamana na kidole liko sawa, likichuruzika kama maji ongeza nusu nazi.

Na kuna jambo la bei, maana wapo wanaonisikiliza huku wananung'unika: huyu mama anazungumza kana kwamba nazi zinaokotwa. Kweli haziokotwi. Minazi mingi ya pwani ya Tanzania imezeeka, na kwa zaidi ya miaka 100 kuna ugonjwa unaoiua: nazi zinadondoka changa, makuti yanageuka manjano, kisha mti unabaki kama nguzo. Serikali ilianzisha mpango wa taifa wa kuendeleza minazi mwaka 1979, na utafiti ukafanyika Mikocheni, ila ugonjwa bado tunao. Ramadhani ikikaribia, nazi inapanda bei mpaka unaikuna kwa huruma. Mwenye watoto sita na nazi moja ana haki ya kununua kopo, wala asiombe radhi kwa mtu.

Basi nikampigia simu binti yangu tena. Sikumwambia atupe kopo. Nilimwambia Ijumaa atafute nazi mbichi, hapo Muscat hazikosekani, aikune hata kwa kijiko na kisu kama mbuzi hana, akamue mara tatu, na asitie kasimile mpaka samaki awe tayari. Mtoto amwogeshe kwanza. Halafu asimame. Nilibaki naye kwenye simu, kaiweka juu ya kabati la vyombo, nami nasikiliza mchuzi kama bibi alivyosikiliza mbuzi. Nilisikia upawa unavyochota na kumwaga. Kisha nikasikia ule mchemko wa ghafla, nikapiga kelele, "Epua!" Alichelewa. Ukakatika.

Alitaka kulia. Nikamwambia aonje hivyo hivyo. Kimya kidogo, halafu akasema, "Shangazi, sura mbaya. Lakini ndio wenyewe." Ijumaa iliyofuata alirudia, haukukatika.

Wiki ijayo, tukijaaliwa, tutazungumzia mkate wa mofa, ule wa unga wa mtama unaookwa ndani ya tanuri ya udongo. Natafuta nyumba ambazo mofa bado inawashwa, iwe Lamu, Mombasa, Pemba au kwingineko. Kama kwenu ipo, tutumie ujumbe wa sauti hapa redioni, na tafadhali mwombe anayeoka azungumze mwenyewe. Rekodi na mlio wa moto.